Muzee Aliyetaka Dawa Ionjwe Kwanza

Mtu anayemwogopa daktari wa meno hujulikana kabla hajafungua kinywa. Wanawake huongea kupita kiasi: bei ya makaa, mvua, ubaya wa mawifi. Wanaume huuliza choo kiko wapi, na wakishaoneshwa hawarudi. Niliwahi kumwona mwanamume mwenye mabega ya kubeba mlango wa chuma akipita kwa dirisha la nyuma, akaruka ukuta wetu wa mawe ya volkano na kuacha kiatu kimoja juu yake. Kiatu kile tulikitunza kabatini. Aliporudi hakurudishwa na kiatu. Alirudishwa na jino. Jino halina haraka, lakini halisahau.

Ninyi vijana mnaoingia sasa katika kazi hii, wenye makoti ambayo bado yana mikunjo ya dukani, mmeniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukiwatuliza wagonjwa wenye woga. Nitaandika, lakini msitarajie nifuate mpangilio wa miaka. Tarehe ninazikumbuka vizuri. Ni mambo yenyewe yanayokataa kupanga foleni.

Mimi ni Mama Neema. Nilikuwa msaidizi katika kituo kidogo cha meno hapa Goma, kando ya barabara iendayo Sake, hadi nilipostaafu. Nilisoma nikiwa mtu mzima. Niliketi dawati moja na wasichana wa umri wa binti yangu, nao wakanipokea vizuri, isipokuwa wakati wa hesabu waliponinakili. Cheti changu nilikipata Ijumaa, tarehe 12 ya mwezi wa saba, nikiwa na miaka thelathini na minane, na siku hiyo nilivaa kitenge ambacho hadi leo sijamwazima mtu. Marehemu mume wangu, dereva aliyekuwa akileta kabichi na karoti kutoka Kibumba, ndiye aliyenisikiliza nikikariri majina ya mifupa ya taya huku yeye akichambua maharage. Majirani walilizungumza jambo hilo la mwanamume na maharage kuliko walivyozungumza moshi wa mlima wetu wa volkano. Alikuwa na tabia moja tu ya kuniudhi. Kila asubuhi aliionja chai yangu kabla yangu. "Niko napima sukari," alisema, na sukari hiyo aliipima kwa kunywa hadi nusu ya kikombe.

Nilipoanza kazi hatukuwa na dawa ya kutuliza woga. Tulikuwa na mikono. Aliyenifundisha, Papa Kasereka, muuguzi mwenye sauti nene na subira isiyo na mwisho, aliniambia siku ya kwanza: "Mama, usimushike mugonjwa mikono. Ukimushika mikono anajua kama iko jambo. Weka mukono yako juu ya bega, pole pole, kama mutu anatafuta mahali pa kuegemea." Alisema kweli. Mgonjwa anayeshikwa mikono hupigana. Anayeegemewa hujiona yeye ndiye anayekutegemeza. Jambo la pili alilonifundisha ni kutosema kamwe "haitauma." Sema, "Utasikia baridi, kiisha utasikia kama tunasukuma." Mgonjwa akidanganywa mara moja, hata ukimwambia leo ni Jumatatu atatafuta kalenda.

Papa Kasereka alikuwa pia akiimba nyimbo za kanisani wakati daktari anang'oa. Sauti yake ilikuwa mbaya mno, na nadhani wagonjwa wengi walivumilia jino litolewe upesi ili wimbo uishe.

Kisha alikuja Dokta Bahati, daktari wetu kijana, mtulivu, mwenye kuvaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na pamoja naye ikaja dawa. Ni kinini, yaani kidonge kidogo, ambacho mgonjwa hukimeza kabla ya kutibiwa. Hakimlazi kabisa; anabaki anasikia, anajibu, anafungua mdomo akiombwa, ila ule woga unakaa mbali naye, kama jirani mgomvi aliyesafiri. Baadaye wengi hawakumbuki vizuri yaliyotendeka. Ganzi bado inachomwa kama kawaida, maana kinini kinatuliza moyo na hakizuii maumivu. Msiyachanganye mambo hayo mawili.

Dawa hiyo ina masharti, nami nilikuwa nikiyasema kwa kila mgonjwa hata yule aliyeyajua. Daktari huuliza kwanza umri, uzito, magonjwa na dawa nyingine unazotumia. Hunywi pombe, wala bia wala kasiksi ya ndizi, hata kama kasiksi ya shangazi yako "ni juisi tu." Dawa unaimeza kituoni mbele yetu, hununui mtaani wala humezi nyumbani. Unakuja na mtu mzima mwenye akili timamu wa kukurudisha. Na hupandi pikipiki. Hapa Goma sharti hilo la mwisho ndilo lililoleta ubishi, kwa kuwa watu wetu hupandia pikipiki kwenda harusini, sokoni na hata kujifungua. "Nitakaa katikati," walisema. "Motari atakuwa mbele, ndugu yangu nyuma, nitaanguka wapi?" Niliwajibu kwamba mtu aliyelegea kama ugali wa maji anaweza kuanguka upande wowote, kushoto na kulia vikiwamo.

Mama mmoja muuza vitenge wa soko la Birere hakunisikia. Alikuwa amepata vinini vya namna hiyo kwa jirani, akaona apunguze safari, akameza kimoja kibandani pake asubuhi ili afike kwetu akiwa tayari. Woga ulimtoka, ni kweli. Ulimtoka pamoja na ukali wa biashara. Kila mteja aliyetaja bei, yeye alitabasamu na kusema, "Haya, mama, beba." Habari ikapita Birere nzima kwa dakika chache. Alipoletwa kwetu kwa gari, meza yake ilikuwa tupu na yeye alikuwa anawabariki wapita njia. Dokta Bahati hakumgusa jino siku hiyo. Alimpima, akamweka kitandani, na alipozinduka na kusikia habari ya vitenge, alilia kwa sauti ambayo jino halikuwahi kumtoa.

Sasa niwaeleze habari ya Muzee Karekezi, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Alikuwa mfugaji kutoka milima ya Masisi, mrefu, mwenye kofia ya pama na fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Mke wake alimwita "Muzee," naye alimwita mke wake "Mukecuru," yaani bibi kizee, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu cha thamani. Jino lake la nyuma upande wa chini lilikuwa limeoza hadi mizizini. Shavu lilikuwa limevimba, kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja, na Dokta Bahati alikuwa amekwisha kumpa dawa ya kukausha usaha. Uvimbe ulipungua na kinywa kikaanza kufunguka, ila jino lilibaki, na daktari alimwambia waziwazi: uchafu huo ukishuka shingoni, hatutazungumza tena habari ya jino.

Lakini Muzee hakuwa akifikiria shingo. Alikuwa akifikiria Jumamosi ya tarehe 18. Siku hiyo upande wa bwana harusi ungekuja kumposa mjukuu wake wa kwanza, na yeye ndiye msemaji wa ukoo. Ninyi mliozaliwa mjini huenda mmeona sherehe hizo kwa haraka. Msemaji hasemi neno moja la ndiyo. Anazunguka, anafumba, anakataa kwa adabu, anawakumbusha wageni ng'ombe wa babu zao, anawachekesha, na mwishowe anamtoa binti kwa namna ambayo pande zote mbili zinaondoka zimeheshimika. Kwa miaka mingi watu wa vilima vile walimwita Muzee Karekezi kwa kazi hiyo. Sasa alikuwa na kinywa kisichofunguka vizuri, na binti huyo alimlea yeye mwenyewe.

"Kama mimi sisemi," alituambia akiwa ameshika shavu, "atasema mudogo yangu. Ule mutu hajui kuomba hata chumvi. Atasema 'karibuni, mubebe,' kiisha atakaa chini."

"Basi tulitoe hili jino leo, Muzee," alisema Dokta Bahati.

"Ndiyo, Dokta. Leo." Akasimama. "Choo iko wapi?"

Mara hiyo ya kwanza alitoka chooni, akafika kizingitini mwa chumba cha matibabu, akaona mwanga wa taa, akageuka. Mara ya pili aliketi kitini kabisa, na kiti kilipoanza kulala nyuma aliruka kama mbuzi, akamkuta mke wake nje na kumwambia, "Tuende, Mukecuru, wamesema niko muzima." Mke wake ndiye aliyetueleza sababu. Alipokuwa kijana huko kijijini, fundi wa baiskeli alimng'oa jino kwa koleo lilelile la kukazia minyororo, wanaume wanne wakiwa wamemkalia. Jino lilivunjika. Wakarudia. "Tangu ile siku," alisema mama yule, "hata fundi wa radio akiwa na koleo, muzee yangu anahama njia."

Alhamisi, tarehe 9 ya mwezi wa tano, ndiyo siku tuliyompangia kinini. Dokta Bahati alikuwa amehesabu: tukichelewa zaidi, kidonda hakitapata muda wa kupoa kabla ya Jumamosi ile. Alimpima mzee moyo na damu, akamuuliza maswali yote, akachagua kipimo kidogo kinachofaa umri wake. Kwa kuwa kumeza kulimtaabisha kwa sababu ya uvimbe uliobaki, alinielekeza nisage kinini na kukichanganya na maji kidogo ya tunda la marakuja.

Nilikileta kikombe juu ya sinia. Muzee alikitazama.

"Ni nini?"

"Dawa ya kutuliza, Muzee, ile Dokta alikueleza."

"Nani ameionja?"

Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba katika nyumba za Masisi mwenyeji hampi mgeni kikombe kabla hajaonja yeye mwenyewe. Anapiga funda mbele ya macho ya mgeni, ndipo anakabidhi. Ni adabu, na ndani ya adabu hiyo mna ahadi: ninachokunywesha, nimekunywa. Tena kwetu hapa hadithi za sumu hazikosekani, na mzee wa heshima hapokei kikombe ambacho hajui kimetoka wapi. Nilianza kumweleza kwamba dawa haionjwi. Sikufika mwisho wa sentensi. Mke wake alinyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka kwenye sinia kwa upole wa mwanamke aliyefanya hivyo maelfu ya mara, akapiga funda.

"Iko sawa?" aliuliza Muzee.

"Iko tamu," alisema. Akapiga funda la pili, refu.

"Mama!" nilisema.

"Eh, nimeonja tu." Akampa mume wake kikombe, naye, akiwa amefarijika kabisa, akanywa kilichobaki, akafuta sharubu.

Nilisimama na sinia tupu. Mila ilikuwa imepita mbele yangu kwa mwendo ambao mkono wangu haukuuweza. Nilimwita Dokta Bahati. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nani amekunywa ngapi?"

"Mama amekunywa vizuri. Muzee amekunywa mabaki."

"Basi hatujui," alisema. "Na kama hatujui, hatuongezi."

Andikeni sentensi hiyo mahali mtakapoiona kila siku. Dawa iliyogawanyika bila kipimo haisawazishwi kwa kukisia. Dokta Bahati alimgeukia yule mama, akamuuliza umri, magonjwa, dawa anazotumia, kama amekunywa pombe. Alikuwa mzima, na hakuwa ametumia kitu. Tukamlaza katika kitanda kidogo cha chumba cha pembeni, upande upande, tukambana kidole kwa kile chombo kinachosoma mapigo ya moyo na hewa iliyomo katika damu, nami nikaketi karibu naye. Dakika chache baadaye alianza kucheka peke yake.

"Muzee," aliita. "Weye Muzee."

"Niko hapa, Mukecuru."

"Ukikoroma, ng'ombe banasimama."

"Mama Neema, anasema nini?"

"Anasema mambo ya ng'ombe, Muzee."

"Na ile pama yako," aliendelea mama akiwa amefumba macho, "ilikuwa ya papa yangu. Ulisema uliinunua Sake. Miye najua. Nimenyamaza miaka yote." Akatabasamu, akageuza uso, akalala usingizi mwepesi wa mtu anayepumua vizuri.

Muzee aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akavuta kiti cha mbao akaketi kando ya mke wake. Yeye naye alikuwa ametulia kidogo. Mabaki yalikuwa yamefika. Lakini hakuwa ametulia vya kutosha: bado aliizungusha fimbo yake sakafuni.

Dokta Bahati alimwambia kwa heshima: "Muzee, leo tumeharibikiwa. Kinini hukupata vizuri. Unaweza kurudi wiki ijayo, tuanze tena."

"Wiki ijayo iko na Jumamosi yangu."

"Najua."

"Na mudogo yangu."

"Najua, Muzee."

Alikuwa na njia mbili za kukimbia, mlango wa mbele na dirisha la nyuma, na zote mbili alizijua. Nilimwona akizitazama. Kisha alimtazama mke wake aliyelala, akiwa na kidole chake kilichobanwa na midomo iliyofunguka kidogo.

"Anapumua?"

"Anapumua, Muzee. Tazama hapa, hizi namba ziko nzuri."

"Ataamuka saa ngapi?"

"Tutamwacha alale mpaka dawa iishe. Labda baada ya saa mbili, labda tatu."

Akaguna. "Mara mbili nimekimbia hapa. Mara zote mbili yeye njo alinifuata nyuma, akibeba fimbo yangu. Leo nikikimbia, nani atamubeba yeye?" Akamgeukia daktari. "Na kama yeye amekunywa mingi na bado anapumua, basi haiko sumu. Dokta, kiti yako inaweza kukaa mahali ninamuona?"

Kiti cha matibabu kimefungwa sakafuni kwa skurubu, lakini kitanda kina magurudumu. Tulifungua milango yote miwili, tukakisukuma kitanda hadi kizingitini, pamoja na mama juu yake, chombo cha kidole na shuka la maua. Muzee akapanda kitini mwenyewe. Dokta Bahati alimpima tena, akamuuliza mara mbili kama anataka kweli, akamweleza kila hatua. Muzee aliitikia kwa kichwa bila kuondoa macho mlangoni.

Niliweka mkono wangu juu ya bega lake, pole pole, kama mtu anayetafuta mahali pa kuegemea.

Ganzi ilipochomwa alikaza miguu. "Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua."

Daktari alipoanza kulegeza jino, Muzee aliuliza tena akiwa na vyuma kinywani, na lililotoka lilikuwa kitu kama "A-hu-hua?"

"Anapumua, Muzee, na anakoroma kidogo."

Hapo alicheka. Alicheka akiwa na kinywa wazi na mkono wa daktari ndani yake, kicheko cha koo tu, na katikati ya kicheko hicho Dokta Bahati aliinua mkono akaweka jino katika bakuli. Lililia kidogo kwenye chuma. Muzee aligeuza jicho moja tu.

"Ile njo jino yangu?"

"Ile njo."

"Lote?"

"Na mizizi yake yote, haikuvunjika."

Aliomba kuliona. Alilitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mtu ng'ombe aliyemsumbua kwa miaka na sasa amefungwa kamba. Kisha akang'ata pamba, akashuka, akarudi kwenye kiti chake cha mbao, akamshika mke wake mkono ule usiobanwa. Hapo ndipo mabaki ya dawa yalipomshinda. Alisinzia ameketi, kofia ikamshukia puani, nasi tukambana kidole na yeye. Wagonjwa walioingia kwa ajili ya meno yao mchana ule waliwaona wazee wawili wamelala wameshikana mikono katikati ya mlango, na nawaambia kweli, hakuna hata mmoja aliyeuliza choo kiko wapi.

Mama ndiye aliyeamka kwanza. Alinyoosha mgongo, akatazama shavu la mume wake lenye pamba, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Walimukalia wangapi?"

"Hakuna, mama. Alipanda mwenyewe."

"Bongo, unanidanganya."

"Kweli kabisa."

Akalikunja shuka la maua, kisha akauliza, "Na miye nilisema kitu?"

Nilimwambia alisema mambo ya ng'ombe. Binti yao, tuliyempigia simu, alifika na teksi jioni, akawachukua akiwa na maagizo yangu yote kichwani: chakula laini, maji ya chumvi kuanzia kesho yake, hakuna tumbaku, hakuna kasiksi, na mtu alale karibu nao usiku huo. Pikipiki nilizitaja mara tatu.

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ya kufanya kazi, na hili ndilo naomba mlibebe. Sikuwahi kuwaambia wagonjwa waache kuonja. Mila haiondolewi kwa kukatazwa. Inatengenezewa mahali pa kukaa. Kabla ya dawa, nilimimina maji safi kutoka jagi moja katika vikombe viwili mbele ya mgonjwa na mwenzake. Kikombe kimoja nilikunywa mimi, funda zima, wakiniona. Cha pili nilimpa mgonjwa, na dawa niliiweka katika kiganja chake mwenyewe, si katika sinia, si katika mkono wa mke, wala mkono wa shemeji. Aliyeshindwa kumeza, dawa iliyosagwa niliishika mimi hadi mdomoni mwake. Mwenzake alipewa maji yake na kiti mbali kidogo. Kazi haikuongezeka hata kidogo, na wagonjwa wa Masisi na Rutshuru walitulia nusu kabla kinini hakijafika tumboni. Msaidizi mmoja aliwahi kuniuliza kama huo ni utabibu. Nilimwambia anywe maji yake.

Jumamosi ya tarehe 18 nilikwenda kwenye sherehe ile, kwa kuwa Muzee alitualika sote, na mimi siendi mahali nilipoalikwa bila kitenge changu cha cheti. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ilikuwa sherehe yangu ya kwanza kwenda peke yangu, na sikutaka yeyote aone kwamba nalijua hilo. Niliketi mgongo wima.

Upande wa bwana harusi walikuja na msemaji hodari. Muzee Karekezi alisimama. Shavu lilikuwa bado na uvimbe kidogo upande mmoja, na alilitumia: alianza kwa kusema kwamba amewaona wageni wakimtazama shavu, na kwamba hakuna haja ya kuwa na wasiwasi, humo ndani ameweka maneno ya akiba. Watu walicheka. Aliwazungusha, akawakataa, akawaulizia ng'ombe mwenye pembe moja wa babu yao ambaye sidhani aliwahi kuwepo, akawakubali, akabadili nia, na alipomtoa mjukuu wake sauti ilimkatika mara moja tu, kisha akaikamata. Mdogo wake aliketi nyuma akipiga makofi kuliko wote. Nadhani hata yeye aliogopa kuombwa aseme.

Ukafika wakati wa kinywaji. Muzee aliniletea kikombe mwenyewe, mbele ya wageni wote, akiwa na mke wake nyuma. Alipiga funda, akameza polepole ili kila mtu aone.

"Mama Neema," alisema kwa sauti ya msemaji, "kunywa bila woga. Humu sikuweka kinini."

Kabla sijapokea, Mukecuru alinyoosha mkono ule ule, kwa upole ule ule. "Lete," alimwambia. "Kwetu miye njo muonjaji."

Akapiga funda refu, akawatazama watu bila haya, akanipa. Kilikuwa kimebaki nusu. Mwaka mzima nilikuwa nimekunywa chai yangu ikiwa imejaa, bila mtu wa kuipima sukari. Nilikishika kwa mikono miwili, nikakinywa hadi chini.